Kunde za Mwaka Mpya, 1960

Juzi mkwe wangu alipika kunde za nazi, harufu ikanifuata hadi barazani. Wenzangu walikula wakilalamikia bei ya mafuta. Mimi nilikuwa nimeshafika Syracuse, Marekani, nilikosomea chuo.

Ile ndege ya Tom Mboya ya Septemba 1959, iliyotupeleka wanafunzi wa Kenya Marekani, na koti la kuazima nimeshawachosha navyo, sirudii. Msimu ule timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani haikushikika. Maryland 29–0, West Virginia 44–0, Colgate 71–0. Mpira wao hubebwa mkononi. Wachezaji wanaangukiana, wanainuka, wanainamiana kunong'ona kama wazee wa ukoo kwenye shauri la mahari. Kule Voi tulizoea 2–1, tena kwa ugomvi. Sabini na moja! Niliwahurumia Colgate nikasahau kushangilia. Lakini macho yangu yalikuwa kwa namba 44, Ernie Davis, Mweusi, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Akishaupata mpira, uwanja wa Archbold wote wima.

Krismasi mabweni yalifungwa, nikapokewa na familia ya Wamarekani Weusi katika Kata ya 15, mtaa uliokuja kubomolewa ipite barabara kuu. Siku ya Mwaka Mpya ilikuwa mechi ya Cotton Bowl, Syracuse na Texas, huko Dallas. Mama mwenye nyumba akaleta kunde: sharti zilwe siku hiyo, zinaleta bahati. Nikamwambia kwetu huliwa siku ambayo nyama haipo. Alicheka hadi akakaa chini.

Picha ya televisheni ilikuwa ikirukaruka, mtoto mmoja kashikilia antena. Davis alikuwa ameumia msuli wa paja, na Mzee, mume wa yule mama, alishaapa kwamba hachezi. Mchezo haujakolea, mwenzake Schwedes akautupa mpira, Davis akaudaka. Mzee alikuwa na kijiko mdomoni. Hakukitoa. Aliinuka polepole, na kwa kila hatua ya Davis goti lake likatikisika. Mtoto aliyeshika antena alitaka kugeuka aone. Tukamzuia kwa mikono tu, hakuna aliyethubutu kusema. Yadi 87. Davis alipovuka mstari, chumba kilibaki kimya, maana Mzee alikuwa akitokwa machozi na kijiko bado kimo, hatujui tucheke au tufanyeje. "Kiteme basi hicho kijiko," mkewe akasema. Hapo ndipo nyumba ilipolipuka.

Tulishinda 23–14, tukawa mabingwa wa taifa bila kufungwa hata mechi moja. Habari za karamu ya tuzo zilitufikia baadaye: Davis na wenzake Weusi waliambiwa wapokee tuzo, kisha waondoke. Mzee hakushangaa. Aliuliza tu kama mimi nilitarajia nini.

Barua yangu kwa baba ilieleza theluji, kunde na zile yadi, nilizozigeuza kuwa hatua. Karamu sikuigusa. Ng'ombe walikuwa wameuzwa nifike nchi ya uhuru, na mwezi ule ule wajumbe wetu walikuwa London, Lancaster House, wakidai wetu. Baba alijibu kwa swali moja: huyo Davis ni kabila gani?

Davis alitwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, 1961, Mweusi wa kwanza. Saratani ya damu ikamwua Mei 1963, akiwa na miaka 23, wiki mbili kabla ya Madaraka yetu. Baba aliniandikia sherehe za Voi zilivyofana, na chini kabisa: yule kijana wetu bado anakimbia? Safari hiyo nilimweleza yote, na karamu pia. Majibu yake hayakugusa lolote kati ya hayo. Alitaka kujua narudi lini.