Nilivyoziba uvujaji wa hodhi la kuogea la mama

Nyumba ya wazazi wangu hapa Shanty Town, Moshi, ina hodhi la kuogea la chuma, la zamani na zito kweli. Mama anasumbuliwa na magoti, na mwezi wa saba baridi ya mlima ikishuka, ni kukaa kwenye maji ya moto jioni kunakompatia usingizi. Kwa hiyo ukuta wa korido ulipoanza kulowa na rangi kuvimba, roho iliniuma.

Fundi wa kwanza alichungulia kidogo akasema, "Dada, hili tulivunje, tuweke shawa na vigae." Nikamlipa nauli yake akaondoka. Hodhi lilikuwa zima, halina hata ufa, na shawa haimsaidii mtu asiyeweza kusimama kwa muda mrefu.

Nikatoa matofali manne ubavuni nikamulika tochi. Chini ya tundu la kutolea maji kuna kiwiko cha shaba, na kati yake na hodhi hukaa washa ya mpira. Nilipoigusa ikapukutika mkononi kama mkate uliokauka. Miaka yote hiyo mpira ulikuwa umekufa kimya kimya, na kila mama akioga, maji yalipita hapo kwenda ukutani.

Kubadilisha washa ni kazi ndogo, ila lazima kwanza ufungue westi, ile pete ya shaba unayoiona ukiwa ndani ya hodhi, iliyojikaza kwenye kiwiko kwa uzi, yaani mikato ya kuzungushia kama ya skrubu. Yangu ilikuwa imeshikana kwa kutu ya kijani. Niliingiza mikono ya koleo kwenye kile kimsalaba cha ndani ya pete nikazungusha. Kimsalaba kikakatika, pete haikusogea. Nikashika nyundo.

Namshukuru Mungu jirani yetu, mzee aliyefanya kazi ya ufundi maisha yake yote, alikuwa amekuja kumjulia hali mama. "Shikamoo baba." "Marahaba. Weka nyundo chini, mwanangu. Chuma cha kumimina hakipindi, kinapasuka." Akaniambia nipake mafuta ya taa kwenye uzi kwa chini, nirudie asubuhi na jioni, kwa siku mbili.

Siku ya tatu alikuja akakaa kwenye kigoda mlangoni, akawa ananielekeza. Nilizungushia kitambaa ncha moja ya bledi ya msumeno wa chuma nipate pa kushika, nikakata pete kwa ndani sehemu mbili, taratibu, nikisimama kila mara kuangalia. Ukipitiliza unakata uzi wa kiwiko, na hapo umeharibu kila kitu. Unga wa shaba ulidondoka kwenye weupe wa hodhi, unang'aa kama dhahabu. Kisha patasi kwenye ukingo wa pete, na nyundo kwa kugonga tu, kuelekea kinyume cha saa. Pigo la saba au la nane, pete ikalia kidogo, ikazunguka. Nilipiga kelele mpaka mama akaja na fimbo yake kuona kuna nini.

Dukani, karibu na soko la Mbuyuni, nusura wanipe westi ya sinki la kunawia mikono, ambayo ni inchi moja na robo. Ya hodhi ni inchi moja na nusu. Nendeni na kile cha zamani mkononi, msitegemee maelezo ya mdomo.

Kufunga hakukunipa shida: nilikwangua uchafu wa zamani, nikaweka washa mpya chini na silikoni chini ya mdomo wa pete, nikakaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana. Nikaacha saa 24.

Kupima ndiko wengi wanakokosea, wanafungulia maji kidogo wanaridhika. Mimi nilijaza hodhi mpaka tundu la juu la kupunguzia maji, nikatandika karatasi za chooni chini ya kila kiungo, kwa sababu tone moja linaonekana hapo. Chini pakavu. Ila karatasi ya bomba la tundu la juu ililowa. Washa ya hapo ilikaa upande. Nikaifungua, nikainyoosha, nikajaza tena.

Badala ya matofali nimeweka kimlango cha mbao, na ndani nimeacha karatasi. Jioni ile mama alikaa kwenye maji mpaka yakapoa. Asubuhi nikafungua kimlango, nikaishika karatasi. Ilikuwa kavu.