Vigaga vya Farasi: Kutoka Yorkshire Hadi Usa River

Mama yangu hadi leo hajui awaeleze vipi majirani kazi ninayofanya. Kwetu Tengeru, mtoto akienda Uingereza anategemewa awe nesi au mhasibu. Mimi natunza farasi, na kwa kuwa picha ya kwanza niliyomtumia ilinionyesha nimeinama na mpira wa maji, kwake mimi ni yule binti anayeosha miguu ya farasi.

Picha ile yenyewe ilikuwa ushahidi wa kosa. Majira yangu ya kwanza ya baridi huku Yorkshire, farasi walikuwa wakirudi kutoka malishoni na matope hadi magotini, nami kwa bidii ya mgeni anayetaka kuonekana nikawa nawamwagia maji kila jioni. Wiki ya tatu mwenzangu wa kazi akapapasa nyuma ya mguu wa farasi mmoja, palepale juu ya kwato, akaniita: weka kidole hapa. Chini ya manyoya palikuwa na vitu vigumu vidogo vidogo, kama uji uliogandia ukingoni mwa sufuria. Kwa macho huvioni, mpaka uguse. Akabandua kimoja, kikatoka na kishungi cha manyoya kama brashi ndogo ya rangi, na chini yake ngozi nyekundu yenye usaha mzito. Farasi akaruka.

Huku wanauita ugonjwa huo homa ya matope, ingawa mara nyingi homa yenyewe haipo. Anayeusababisha zaidi ni bakteria mmoja, na daktari wa mifugo aliponiandikia jina lake nililisoma mara mbili: Dermatophilus congolensis. Wa Kongo! Alielezwa mara ya kwanza mwaka 1915 na Mbelgiji aitwaye Van Saceghem, aliyemkuta kwenye ngozi za ng'ombe huko Kongo. Nimepanda ndege usiku kucha nikaja kutambulishwa kwa jirani.

Tabia yake ukishaijua, hutashika mpira wa maji ovyo tena. Ndani ya kigaga kikavu anatulia tu, hata miezi. Kigaga kikilowa, anaachia mbegu zenye mikia ambazo huogelea kutafuta mahali pa kuingilia. Ngozi nzima na kavu haimpi nafasi, ila iliyolainishwa na maji na kukwaruzwa na mchanga ni mlango wazi. Kwa hiyo mimi na usafi wangu wa kila jioni tulikuwa tunamfungulia. Siku hizi matope naachia yakauke, asubuhi napitisha brashi, basi.

Wale walioshaugua niliwauguza mwenyewe kwa maelekezo ya daktari. Tulikata manyoya ya mahali palipoathirika, tukalowesha vigaga kwa maji ya vuguvugu yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, iliyozimuliwa, tukasubiri kama dakika kumi. Kilicholegea kinatoka chenyewe. Kisicholegea unakiacha hadi kesho, maana kukibandua kwa nguvu ni kutengeneza kidonda kipya na kujitafutia teke. Vilivyotoka huviachi sakafuni, unavitia kwenye mfuko na kuvitupa, na mikononi uwe na glavu, kwani hata binadamu anaweza kuambukizwa. Halafu unasuuza, halafu unakausha, na hapo kwenye kukausha ndipo wengi wanapochoka. Kila mguu na taulo lake safi, mpaka uguse usisikie ubaridi wa maji. Krimu ya zinki inakuja mwisho, juu ya ngozi kavu tu. Ukiipaka penye unyevu umewafungia bakteria ndani. Mmoja alivimba mguu na kuanza kuchechemea, huyo akachomwa penisilini. Wengine walipona kwa kulala pakavu.

Sasa, mwaka jana Aprili nikaja likizo, masika yamekolea. Mtoto wa mjomba wangu ni saisi kwenye shamba moja karibu na Usa River, wana farasi wa kupandisha watalii. "Dada, wewe si ndiye mtaalamu? Njoo uone." Nikaenda na glavu zangu, na kichwa kimevimba kidogo, sikatai.

Farasi wa kwanza, wa kahawia, alikuwa na vile vishungi vilevile. Mzee mmoja wa Kimeru anayechunga ng'ombe wa shamba hilo alisogea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakichukua kigaga akakigeuza. "Hii mbona ni ile ya ng'ombe? Inakuja na mvua, na kupe wakizidi inakuwa mbaya." Yuko sahihi kabisa. Kupe mwenye marangirangi, Amblyomma, anajulikana kwa kuwazidishia ng'ombe ugonjwa huu. Mimi nilihitaji Yorkshire kunifundisha, mzee alihitaji zizi tu.

Wa pili alikuwa na soksi nyeupe tatu na mguu mmoja mweusi. Vigaga kwenye zile nyeupe tu. Hilo peke yake halikunishtua, kwani homa ya matope nayo hupenda ngozi nyeupe. Nilishaanza kuchanganya dawa mzee aliponiuliza, "Na pua nayo imekanyaga matope?" Nikainua macho. Kwenye pua, pale penye baka jeupe, ngozi ilikuwa imechubuka na kubanduka, na kidonda kiliishia hasa pale weupe ulipoishia. Hiyo ni kazi ya jua, na mara nyingi chanzo kiko tumboni: mimea fulani huifanya ngozi isiyo na rangi ishindwe kuvumilia mwanga, au ini limeharibika. Baadhi ya mimea ya jamii ya marejea hudhuru ini la farasi, na kwenye kona ya malisho yale marejea yalikuwa yamestawi. Klorheksidini yangu ingefaa nini? Tulimwingiza kivulini, tukamwita daktari wa mifugo kutoka Arusha mjini aje achukue damu. Majibu yakaonyesha ini lina shida, akahamishwa malisho, na mchana akawa hatoki.

(Kuna chanzo cha tatu cha vigaga ambacho sikukikuta Usa River: utitiri unaowasumbua farasi wenye manyoya mengi miguuni kama wale wakubwa wa Shire. Hao utawasikia usiku wakipiga mateke sakafu kwa muwasho.)

Jioni nyumbani nikawa nasimulia, ndizi ziko mezani. Nikaeleza kuhusu matope, kwamba kosa kubwa ni kuosha, na kwamba bosi wangu siku hizi amefungia mpira wa maji stoo. Mama akaacha kula.

"Kwa hiyo," akasema, "wanakulipa usioshe?"