Maharage ya Toscana kwa Kikaango Kimoja

Jioni ya siku ya kazi, ninapotaka chakula kisicho na nyama na kisichozidi nusu saa jikoni, mimi hupika fagioli all'uccelletto, yaani maharage meupe ya mkoa wa Toscana, Italia, yanayoungwa kwa kitunguu saumu, majani ya seji na nyanya. Mafuta ya zeituni hupashwa kwa moto mdogo, kwa sababu kitunguu saumu kikiungua uchungu wake hautoki tena. Kisha nyanya huachwa zichemke hadi mafuta yaanze kujitenga, ndipo maharage yaliyokwisha kuiva, hata yale ya kopo, yanapoingia pamoja na maji yake kidogo, ambayo kwa wanga wake huufanya mchuzi uwe mzito. Jibini siweki. Mkate uliochomwa unatosha, na kwa maoni yangu unaishinda tambi.