Hukuwepo Siku Ile

Wiki imepita na mambo yake, bosi mpya ameingia, kitinda mimba kamaliza mitihani, na mimi nimebaki na maneno matatu tu kichwani.

"Warefu nyuma, wafupi mbele, nakumbuka mpiga picha alivyotupanga," nilimwambia rafiki yangu wa shule kwenye simu, tukizungumzia picha ya darasa letu.

"Wewe? Hukuwepo siku ile."

"Nilisimama ubavuni pako!"

"Aliyesimama ubavuni pangu ni yule wa bandeji. Ulikuwa unaumwa, bwana wee."

Ni yule niliyekaa naye dawati moja miaka minne. Hakusema kwa ubaya, hata alicheka. Lakini tangu Jumanne nalijibu upya kila nikipiga mswaki, na kila jibu linapwaya.

Ningemwonyesha picha yamalizike, ila picha yenyewe imenata kwenye kioo cha fremu. Uso wa picha za zamani una utando wa jelatini. Unyevu ukiingia utando huvimba, hugandamana na kioo, kisha hukauka ukawa gundi. Pale ilipoganda panang'aa kama pamelowa, na bila shaka ni palepale mstari wa nyuma. Juu ya hayo, sote tumegeuka wekundu: rangi tatu za picha hazichujuki kwa mwendo mmoja, na katika nyingi za zama zile ile ya buluu-kijani ndiyo hutangulia kufifia, hata picha ikikaa gizani.

Kisu usitie, utabandua nyuso zibaki kiooni. Maji ni jaribio la mwisho, na si la kila picha. Iliyotoka kwenye printa ya wino itachuruzika. Kwanza chukua nakala. Nilitoa mgongo wa fremu, nikalaza kioo pamoja na picha yake juu ya skana ya kazini, ikatoka ukungu mtupu. Zile skana nyembamba haziwezi kuona vizuri kitu kilichoinuka hata milimita 2. Ile nene ya zamani, iliyosahauliwa stoo, ndiyo iliyoweza. Ukikosa skana, kamera inatosha: zima flashi yake, weka taa mbili kushoto na kulia kwa nyuzi 45, na utundike kitambaa cheusi nyuma ya kamera ili kioo kisikurudishie sura yako mwenyewe.

Kwa dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi), picha ya sentimita 10 kwa 15 hutoa pikseli kama 2,400 kwa 3,500. Hapo uso wa ukubwa wa punje ya mahindi unakuzwa hadi ujulikane. Nikahifadhi kwa TIFF, aina ya faili inayotunza ubora wa picha, nikarekebisha nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, nikakuza mstari wa nyuma.

Bandeji. Mkono wa kushoto, nyeupe kabisa.

Nilikaa kimya, kisha kicheko kikanishika mpaka wa chumba cha pili akauliza kuna nini. Sikuwepo! Na bado namwona mpiga picha, namsikia akihesabu. Wanaochunguza kumbukumbu wanasema watu wa makamo wakiulizwa ya zamani, mengi wanayoyataja hutoka umri wa miaka kama 10 hadi 30, na kwamba kila ukumbukapo jambo unalijenga upya. Mimi nimeitazama picha hii miaka mingi hadi nikajijengea nafasi ndani yake. Cha ajabu haijaniuma. Nimekuwa mwanafunzi wa siku ambayo sikuhudhuria, na naikumbuka kuliko zile nilizohudhuria.

Nimemtumia nakala. Kajibu kwa neno moja: "Unaona?" Sasa nataka anitajie majina yote kabla na yeye hajaanza kuyachanganya, niyaandike kwa penseli laini kwenye bahasha ya picha, maana wino huvuja.

Mama hajapiga simu tangu Alhamisi, na yeye si mtu wa kukaa kimya siku tatu.