Tui Lililokatika

Mwaka 2017, nilipokuwa nikisoma katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, mwanafunzi mwenzangu kutoka Sumatra Magharibi, nchini Indonesia, alinipeleka kwenye mgahawa wa siku moja. Mama mmoja wa Kiminangkabau, kabila la huko, mzaliwa wa mji wa Padang, alikuwa amekodi mkahawa uliofungwa kila Jumapili, akapanga meza sita na kupika kama apikavyo kwao. Chakula cha Indonesia si kigeni kwa Waholanzi, walioitawala nchi hiyo mpaka walipoutambua uhuru wake Desemba 1949. Lakini kile nilichokuwa nimekionja mjini hapo awali kilikolea sukari kuliko pilipili, nami nilikwisha kukikatia tamaa.

Nilikaa karibu na jiko. Mimi ni mtoto wa Unguja, na tangu nikiwa na miaka minane nilikabidhiwa mwiko na kuonywa nisiache kukoroga mchuzi wa nazi hata nikiitwa mlangoni, maana tui likikatika ni aibu ya mpishi. Kwa hiyo nilipochungulia ndani ya sufuria kubwa na kuona mafuta yakielea juu ya mashapo ya kahawia, nilimwonea huruma yule mama, nikamnong'oneza mwenzangu kwamba tui limekatika. Akaangua kicheko, na bila kunistahi akamweleza mpishi kwa lugha yao.

Ibu, yaani mama, kama wote walivyomwita, aliniita jikoni. Mwenzangu akitafsiri, alinieleza kwamba nyama ile ilikuwa motoni tangu asubuhi pamoja na tui, mchaichai, tangawizi, pilipili na majani ya mmea wa manjano. Ikiwa bado na mchuzi mwingi huitwa gulai. Mchuzi ukipungua na kuwa mzito huitwa kalio. Na rendang hupatikana pale tu maji yanapokwisha, nyama ikabaki kukaangika polepole katika mafuta yaliyotoka kwenye tui lenyewe, mpaka iwe nyeusi. Ndiyo maana haiharibiki upesi, na wasafiri wa kwao wameibeba njiani tangu zamani. Kisha akaniangalia na kusema, "Ninyi kwenu mnaishia kwenye gulai."

Tulipoketi, vikaletwa visahani zaidi ya kumi kwa mpigo, ilhali hatukuwa tumeagiza chochote. Nilianza kuhesabu fedha zangu kimoyomoyo, hadi nilipoambiwa kwamba kwa desturi ya Padang mtu hulipia alichokigusa tu. Kulikuwa na bakuli la maji ya kunawa, na baada ya miezi ya uma na kisu vidole vyangu vilifurahi kukutana na wali. Kulikuwa pia na majani ya muhogo yaliyochemshwa, ambayo kwetu tungeyatwanga yawe kisamvu, pamoja na pilipili mbichi iliyosagwa na kukaangwa. Rendang yenyewe ilikuwa kavu, ikichambuka nyuzi nyuzi, na utamu wa nazi ulikuwa umejificha ndani kabisa, ukaja baada ya ukali kupita. Niligusa visahani vinne, nikakirudia cha rendang.

Usiku ule nilimpigia mama simu nikamsimulia. "Yaani wanalikatisha makusudi?" aliuliza. Nikamwambia ndiyo, na kwamba ni tamu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kilo moja ya nyama inataka nazi ngapi.