Mgongo wa kiganja

Nimerudi sasa hivi. Nguo zinanuka moshi wa makaa, na leo sizifui.

Tulikuwa wapenzi wa treni kumi na mmoja, safari tuliyoipanga kwa miezi. Reli ya kale ya garimoshi la mvuke, inayoendeshwa na watu wa kujitolea, kazi iliyoanzia reli ya Talyllyn, Wales, mwaka 1951.

Mchochea moto aliniita nichungulie tanuru. Joto likanipiga usoni, nikarudi nyuma! Moto ule uliwashwa usiku wa manane. Boila, tangi la chuma la kuchemshia maji yawe mvuke, haiharakishwi: chuma kikitanuka ghafla, viungo huanza kuvuja.

Lakini kilichonishika ni hiki.

Kituo cha kwanza, dereva alishuka, akainama, akagusa beringi za magurudumu, vyuma vinavyoshika mhimili wa gurudumu linapozunguka, moja baada ya nyingine, kuona kama zimepata moto kupita kiasi.
Kwa mgongo wa kiganja.
Taratibu, kama mama anayempima mtoto homa.

Koo likanikaba. Hata waongeaji wetu wakubwa walinyamaza.

Akapanda, filimbi ikalia, mabehewa yakashtuka moja moja, tukaondoka.

Nanyi, mmewahi kupanda garimoshi la mvuke? Ni kitu gani hakijawatoka moyoni? Niambieni, nitasoma yote usiku huu.