Mshtuko wa Ubungo Mataa

Mwaka 2016, kabla Ubungo haijajengewa barabara za juu, foleni ya pale mataa ilikupa muda wa kutosha kulisikiliza gari lako. Langu, Toyota IST ya automatiki, lilikuwa na vituko vyake. Ukiachia mafuta na kukanyaga breki taratibu, spidi ikifika kama ishirini hivi, linashtuka kama mtu kakusukuma mgongoni. Ukiongeza mwendo, limetulia tuli. Mke wangu alifika mahali akawa anashika dashibodi kila tukikaribia tuta.

Gereji ya kwanza walichomeka mashine ya kupima. Haikuonyesha kosa lolote. Kijana akasema bila wasiwasi: "Bosi, giaboksi hiyo imekwisha, tafuta nyingine." Bei aliyoitaja sikuithubutu kuisema nyumbani.

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja Tabata. Nikamwamkia, nikaanza habari za giaboksi, akanikatiza.

"Hayo tuyaache kwanza. Linashtuka likiwa la moto tu, au hata asubuhi? Ukiwasha eisii je?"

Kule hakuna aliyeniuliza hayo. Akapanda, tukaingia barabara ya vumbi isiyo na watu. Nikapunguza mwendo kama kawaida, likashtuka. Tukarudia, sasa nikiweka nyutro kabla ya kugusa breki. Likasimama laini kabisa.

"Breki hazina kesi," akasema.

Tuliporudi akachomoa kijiti cha oili ya giaboksi, akadondosha tone kwenye karatasi, akanusa. Ilikuwa imeanza kuwa kahawia, ila harufu ya kuungua hamna. Kisha akafungua boneti, akamweka kijana wake kwenye usukani, na kunivuta pembeni ya fenda; mbele ya gari hakutaka mtu asimame. "Kanyaga breki sana. Weka D. Haya, R." Injini ikanyanyuka upande wa kulia, ikarudi chini na kugonga: ko! Akamulika tochi ya simu. Maunti, yaani kishikizo cha raba kinachobeba injini, ile ya upande wa mikanda, ilikuwa imepasuka raba, na majimaji meusi yaliyokuwa ndani yake yamechuruzika hadi chini.

Automatiki hujishusha gia yenyewe unapopunguza mwendo, na kila inaposhuka injini hupata kamsukumo. Maunti nzima hukameza. Iliyopasuka inaiachia injini iruke, na mwili mzima wa gari unasikia.

"Mbona mashine haikusema?"

"Raba ina waya? Itasemaje?"

Kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani, Dar, muuzaji alinisukumia maunti mpya ya bei poa, lakini mzee alishanionya kuwa nyingine huwa ngumu kama jiwe, gari likisimama usukani unatetemeka. Nikachukua ya mtumba, baada ya kuibonyeza raba kwa dole gumba na kuikagua kila pembe. Mzee akaweka kipande cha ubao kati ya jeki na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, asije akaibonyeza, akaipandisha injini kidogo, akafunga.

Ule mshtuko mkubwa ukaisha. Kakabaki kadogo, ka asubuhi. Akafungua throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini: masizi yameganda mdomoni. Akapuliza dawa, akafuta kwa kitambaa. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ilipanda kwa muda, ikatulia, na kale nako kakaisha.

Giaboksi niliibadilishia oili tu. Nilipokuja kuliuza gari, liliondoka nayo hiyo hiyo.